Jinsi ya Kutazama Picha ya Anga la Usiku: Mwongozo Kamili kwa Asiye na Darubini

Mtu akikutana na picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi huko angani, kwenye simu, mara nyingi hufanya jambo moja kati ya mawili. Ama anaguna "mmh, hatari!" na kidole kinasogeza picha juu, sekunde tatu zimeisha. Ama anakunja uso: "Hizo ni rangi za kompyuta, angani hakuna kitu kama hicho." Nimewahi kuwa katika makundi yote mawili, tena ndani ya wiki moja.

Kilichonibadilisha ni jambo dogo. Picha ya anga haipigwi kwa kubofya mara moja kama picha ya harusi. Ni mwanga uliokingwa, kama mtu anavyokinga manyunyu kwenye pipa: tone kwa tone, saa kwa saa, wakati mwingine usiku baada ya usiku kwa mwezi mzima. Ukijua pipa lilikuwa kubwa kiasi gani, lilikaa nje muda gani na mvua ilitoka wingu lipi, picha ileile uliyoipita kwa sekunde tatu itakushika nusu saa.

Hapa nazungumzia kazi za wapigapicha wa ridhaa, watu wenye ajira zao za mchana ambao usiku wanakesha uani na darubini. Picha za mashirika makubwa ya anga ni nzuri, sibishi. Ila katika picha ya ridhaa unaona mkono wa mtu, pamoja na makosa yake, na makosa hayo yanafundisha.

Hatua ya 1: Andaa kioo, halafu macho

Zima taa ya chumba. Punguza mwanga wa kioo hadi kati, na kama simu au kompyuta yako ina ile hali ya usiku inayofanya kila kitu kiwe cha manjano, iondoe kwanza. Futa kioo. Sitanii: niliwahi kushangilia "nyota" ambayo ilihama nilipoipitishia kidole.

Tafuta faili kubwa kabisa lililopo. Picha inayosambazwa kwenye makundi ya simu imeshabanwa mara kadhaa, na kitu cha kwanza kufa picha inapobanwa ni yale mawingu membamba ambayo mpigapicha alikesha akiyatafuta. Kama aliyeipiga ana ukurasa wake, ifuate huko.

Mwanga wa kioo una hila nyingine. Mara ya kwanza nilipohariri picha yangu ya Njia ya Maziwa, ule utepe wa nyota unaokatiza anga, nilikuwa nimeweka mwanga mwisho kabisa. Nikaipenda, nikaipeleka ichapishwe kubwa, ikarudi nyeusi tii, imebaki na nyota kumi na kitu. Mchapishaji hakukosea. Mimi ndiye niliyekuwa nadanganywa na kioo.

Hatua ya 2: Jiulize ni picha ya aina gani

Aina kuu ni nne, na huwezi kuipima moja kwa mizani ya nyingine. Kuna mandhari ya usiku, yaani ardhi chini na Njia ya Maziwa juu. Kuna anga ya mbali: nebula, galaksi, makundi ya nyota. Kuna sayari na Mwezi kwa karibu. Na kuna michirizi ya nyota, ambapo kamera imeachwa ikae huku Dunia ikizunguka. Ukishajua uko kwenye ipi, endelea.

Hatua ya 3: Soma maelezo kabla hujasifu

Wapigapicha wengi huandika chini ya picha walivyofanya. Msomaji mgeni huruka maandishi haya kwa sababu yanafanana na risiti. Usiyaruke. Tuseme umekuta: "M31, fremu 280 za sekunde 180." Piga hesabu: 280 mara 180 ni sekunde 50,400, yaani saa 14. Mtu huyu alikusanya saa 14 za mwanga kutoka galaksi ya Andromeda, na huo ni muda uliofaa tu. Hapo hazimo dakika za kusubiri wingu lipite, wala usiku mzima uliotupwa kwa sababu lenzi ilishika umande.

Kwa nini vipande 280 badala ya kufungua kamera saa 14 mfululizo? Kwa sababu kila fremu ina chenga: madoadoa ya bahati nasibu yanayotokana na mwanga wenyewe na umeme wa kamera. Fremu nyingi zikirundikwa moja juu ya nyingine, chenga hujifuta zenyewe kwa zenyewe kwa kuwa hazirudi mahali palepale, wakati galaksi inabaki pale ilipo. Lakini faida inakuja kwa bei kali. Ili picha iwe safi mara mbili, unahitaji muda mara nne. Kutoka saa 1 kwenda saa 4 unaona tofauti waziwazi. Ukitaka hatua nyingine kama hiyo lazima ufike saa 16. Ukiona mtu ametoka saa 20 akafika 80, jua ameongeza usiku chungu nzima kwa ajili ya kitu ambacho wengi hawatakigundua. Wewe kigundue.

Na kuna siku uvumilivu wa aina hiyo unazaa kitu ambacho hata wataalamu hawakuwa nacho. Andromeda imepigwa picha tangu karne ya 19. Isaac Roberts, mtu wa ridhaa aliyepata riziki yake kwenye ujenzi, aliipiga mwaka 1888, na picha zake zikaonyesha mikono iliyojizungusha. Tangu hapo imepigwa na kila mwenye darubini. Hata hivyo mwaka 2022 wapigapicha wa ridhaa Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty waligundua kando yake utepe mkubwa wa gesi ya oksijeni inayong'aa, ambao hakuna aliyewahi kuuripoti. Walitumia darubini ya lenzi yenye upana wa milimita 106 tu, chombo ambacho mtu mmoja anakibeba, na zaidi ya saa 100 za mwanga. Mwaka 2023 picha hiyo ilishinda shindano la kila mwaka la picha za anga la Royal Observatory ya Greenwich. Ukiitazama bila kusoma maelezo, utaona galaksi nzuri yenye ukungu wa bluu pembeni, basi.

Katika maelezo tafuta pia neno Bortle likifuatwa na namba. Ni kipimo cha giza la mahali alichokitoa John Bortle mwaka 2001: 1 ni giza totoro, 9 ni katikati ya jiji. Picha ya wastani kutoka Bortle 8 inaweza kuwa kazi kubwa kuliko picha ya kupendeza kutoka Bortle 2.

Hatua ya 4: Anza na nyota, nebula itasubiri

Jicho linavutwa na mawingu ya rangi. Likatalie kwanza. Kuza picha uende kwenye kona moja, kisha nyingine, hadi zote nne.

Nyota ziwe duara. Zikiwa zimevutika zote upande mmoja kama punje za mchele, mtambo unaofuata mzunguko wa Dunia ulikuwa hauendi sawa, au upepo ulitikisa. Zikiwa duara katikati lakini kwenye kona zina mikia kama ndege wanaokimbia kutoka katikati, kosa ni la lenzi. Hayo si makosa ya kumdharau mtu. Kupata kona nne safi ni kazi ngumu kuliko kupata nebula nyekundu, na wapigapicha wenyewe hukaguana kona kwanza.

Nyota iliyoonekana kubwa kwenye picha si lazima iwe kubwa angani. Nyota zote, isipokuwa Jua letu, ziko mbali kiasi kwamba kwa darubini ya uani ni nukta. Ukubwa unaouona ni mwanga uliofurika, kama taa ya gari kwenye ukungu.

Ile miale minne inayotoka kwenye nyota kama msalaba inatokana na vyuma vyembamba vinavyoshikilia kioo kidogo ndani ya darubini ya vioo. Darubini ya lenzi haina vyuma hivyo, kwa hiyo haina miale. Wapo wanaoibandika kwa programu ili picha ipendeze, na kuwakamata ni rahisi: kwenye miale ya kweli, nyota angavu ina miale mirefu na nyota fifi haina kabisa. Ukikuta nyota kubwa na ndogo zote zimevaa msalaba wa urefu uleule, umekwishajua.

Mwisho tazama rangi za nyota. Mpigapicha makini hazichomi zikawa nyeupe zote. Betelgeuse, begani mwa kundinyota la Jabari (Orion), ina joto la nyuzi 3,500 hivi juu ya uso wake na inawaka rangi ya chungwa. Rigel mguuni inazidi 11,000 na ni nyeupe ya bluu. Zote mbili ziwe na rangi zake. Nyota ya kijani haipo kwa jicho la binadamu, kwa hiyo ukiziona nyota za kijani, kuna mtu hakusawazisha rangi.

Hatua ya 5: Chungulia weusi

Weusi wa picha nzuri si weusi wa makaa. Ni kijivu kizito, chenye uhai kidogo. Mpigapicha akiusukuma hadi ukawa mweusi kabisa, amezika ndani yake vumbi na gesi hafifu ambavyo pengine alivipata. Weka kidole kufunika sehemu angavu ya picha, halafu tazama pembeni. Je, kuna mawingu ya kahawia yanayopita taratibu? Hilo ni vumbi la galaksi yetu, na kulipata kunataka giza na saa nyingi.

Kinyume chake ni laini iliyopita kiasi. Programu za kuondoa chenga zimekuwa na nguvu mno, na mtu akizidisha, gesi inakuwa kama plastiki iliyoyeyuka. Dalili nyingine ni pete nyeusi kuizunguka kila nyota. Hapo ukali umeongezwa kwa nguvu. Mimi binafsi naipenda picha yenye chenga kidogo kuliko iliyopigwa pasi.

Hatua ya 6: Rangi, na lile swali la "ni za kweli?"

Hapa ndipo watu hugombana, kwa hiyo twende taratibu.

Simama nje usiku usio na taa ukiwa umevaa shati jekundu. Litaonekana kijivu. Shati halijabadilika, macho yako gizani yanatumia seli zinazohisi mwanga mdogo lakini hazitofautishi rangi. Nebula iko hivyohivyo. Rangi ipo, ila mwanga wake hautoshi kuamsha seli za rangi. Kamera haina tatizo hilo, na inaweza kukinga mwanga kwa saa nzima wakati jicho linaumwaga kila sehemu ya sekunde. Kwa hiyo "jicho halioni" na "haipo" ni vitu viwili tofauti.

Rangi za kukariri ni chache:

Nyekundu ni hidrojeni iliyopashwa nguvu na nyota za jirani. Inatoa mwanga wa nanomita 656, na ndiyo nyekundu ya nebula nyingi. Kamera za kawaida zina kichujio cha kiwandani kinachozuia sehemu kubwa ya nyekundu hiyo, ndiyo maana baadhi ya wapigapicha hufungua kamera zao na kukitoa.

Feruzi, ile bluu iliyochanganyika na kijani, ni oksijeni, karibu nanomita 501.

Bluu tulivu kama moshi ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota. Mfano bora ni Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake limebeba habari za kulima. Katika picha, nyota zake zimevikwa shela la bluu. Nyota hizo ziko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, na vumbi lile si lao: wanapita tu katikati ya wingu walilokutana nalo njiani.

Kahawia na weusi ulio mbele ya mwanga ni vumbi nene lisilopitisha mwanga.

Ukiwa na funguo hizo, galaksi inafunguka. Kitovu cha manjano ni nyota zilizozeeka. Mikono ya bluu ni nyota changa zenye joto kali, ambazo haziishi muda mrefu. Vidoadoa vya waridi kwenye mikono ni hidrojeni inayowaka mahali nyota zinapozaliwa. Mistari meusi ni vumbi. Yaani picha moja ya mviringo unaozunguka ina wazee, vijana na leba kwa pamoja.

Sasa kuna picha ambazo nebula ni dhahabu na bluu. Hizo zimepigwa kwa vichujio vyembamba vinavyopitisha mwanga wa gesi moja moja, kisha kila gesi ikapewa rangi: salfa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni bluu. Mpangilio huu ulipata umaarufu kwa picha ya darubini ya Hubble ya mwaka 1995 iliyoonyesha nguzo za gesi ndani ya Nebula ya Tai. Kwa jicho, salfa na hidrojeni zote ni nyekundu, zingechanganyika usijue ipi ni ipi. Kuzipa rangi mbalimbali ni kama ramani inayopaka mto bluu na barabara nyekundu. Hakuna anayesema ramani ni ya uongo, mradi imeandikwa ufunguo. Mpigapicha anayetumia vichujio hivyo bila kusema, huyo ndiye mwenye kesi.

Faida nyingine ya vichujio vyembamba ni kwamba vinakata sehemu kubwa ya mwanga wa taa za mtaani. Ndiyo maana mtu wa ghorofani katikati ya jiji anaweza kutoa nebula ambayo hata nyota zake hazioni kwa macho.

Hatua ya 7: Kaa na picha moja, Nebula ya Jabari

Chagua picha yoyote ya M42, Nebula ya Jabari. Naipendekeza kwa sababu ni angavu, imepigwa na karibu kila mtu, na ndiyo nebula ya kwanza kupigwa picha: Henry Draper, daktari Mmarekani, aliikinga kwa dakika 51 usiku wa tarehe 30 Septemba 1880. Mwaka 1883 Mwingereza Andrew Ainslie Common, mtu wa ridhaa, akatoa picha iliyoonyesha nyota ambazo jicho kwenye darubini lilikuwa halizioni. Tangu siku hiyo kamera ikawa imelipita jicho.

Anza katikati kabisa. Panapowaka zaidi pana nyota nne zilizobanana, Trapezi. Je, unazihesabu, au pamekuwa doa jeupe? Kitovu hiki kinang'aa mno kuliko kingo, na fremu ya dakika tatu inakiunguza. Aliyezionyesha nyota nne amepiga pia fremu fupi za sekunde chache na kuziunganisha kwa ustadi. Sasa tafuta ghuba nyeusi inayoingia kuelekea kitovu, kama mdomo wa samaki. Hilo ni vumbi lililo mbele ya nebula. Pembeni ya ghuba kuna wingu dogo la duara lenye nyota moja ndani, kama mtoto aliyesimama kando ya mama. Lina namba yake, M43, ingawa ni sehemu ya wingu hilohilo kubwa.

Sogea kwenye mabawa. Fuata ukingo mmoja kwa jicho kutoka palipo angavu hadi panapopotea. Je, unafifia taratibu hadi kuwa vumbi la kahawia, au unakatika ghafla? Hapo unapata jibu la saa ngapi zilitumika hata kama hazikuandikwa. Picha ikiwa pana, juu kidogo ya nebula kwa upande wa kaskazini kuna ukungu wa bluu. Kwa nini bluu na si nyekundu? Rudi hatua ya 6 kama umesahau.

Mwanga huo uliondoka huko miaka 1,350 hivi iliyopita. Baada ya dakika kumi na picha hiyo, fungua ya mtu mwingine ya nebula hiyohiyo, uweke mbili ubavu kwa ubavu. Kitu kile kile, mikono miwili. Hapo ndipo unapoanza kuwa na mpigapicha unayempenda na yule usiyempenda, na kujua kwa nini.

Hatua ya 8: Michirizi, Mwezi na sayari

Michirizi ya nyota inasomeka kama saa ya ukutani. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mchirizi uliochora robo ya duara umechukua saa 6. Mingi huwa nyuzi 30, saa 2. Mahali michirizi inapozunguka ndiyo ncha ya anga. Ukikuta picha ambayo upande mmoja inapinda huku na upande wa pili kule, na katikati imenyooka, umekutana na ikweta ya anga. Mstari wenye vinukta vinukta ni ndege. Uliozidi kunyooka bila kukatika ni satelaiti. Kimondo kinaanza chembamba, kinanenepa, kisha kinachongoka, na mara nyingi kina kijani mwanzoni.

Kwa Mwezi, usikimbilie mwezi mpevu. Jua likiupiga kwa mbele vivuli vinakufa na uso unakuwa bapa. Tafuta picha za siku chache baada ya mwandamo na ufuate mpaka wa mwanga na giza, pale vilele vya milima vimeshika jua na mabonde bado ni usiku. Kreta ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93, mpaka huo ukiifikia siku moja mbili baada ya nusu mwezi, inaonekana na ngazi zake za ukutani. Utakutana pia na Mwezi wenye mabaka ya bluu na kahawia. Rangi hizo zipo, zimekolezwa tu: bluu ni maeneo ya lava yenye titani nyingi, kama Bahari ya Utulivu.

Sayari zinapigwa kinyume kabisa cha nebula. Ni angavu, tatizo ni hewa yetu inayotetemeka kama juu ya lami ya mchana. Mpigapicha anarekodi video ya maelfu ya fremu, programu inachagua zile chache zilizobahatika kutulia, nyingine zinatupwa. Kwa Mshtarii (Jupita) anayo dakika chache tu, maana sayari hiyo inajizungusha kwa chini ya saa 10 na picha ingevurugika. Tarehe 19 Julai 2009 Anthony Wesley, mtu wa ridhaa wa Australia, aliona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii ambalo halikuwa na sababu ya kuwepo. Alifikiri pengine ni kivuli cha mwezi wake mmojawapo. Lilikuwa kovu la kitu kilichogonga sayari, na wenye darubini kubwa wakageuza vyombo vyao kufuata ujumbe wake.

Hatua ya 9: Kutenganisha ufundi na uongo

Kuunganisha fremu si uongo. Kupiga ardhi wakati wa magharibi na anga saa tano baadaye kutoka stendi ileile si uongo pia, likisemwa. Uongo ni anga ya mahali pengine kubandikwa juu ya mlima usiowahi kuiona.

Vipimo vyepesi: nyota zikionekana ndani ya sehemu yenye giza ya Mwezi, mtu amesahau kwamba Mwezi ni mwamba. Njia ya Maziwa ikiwaka kali pamoja na mwezi mpevu, tilia shaka. Mwezi mkubwa kama jengo unawezekana, kwa lenzi ndefu na kusimama mbali na jengo, lakini jengo nalo lazima liwe limebanwa vivyo hivyo.

Siku hizi kuna na picha zilizobuniwa na kompyuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyota zake hazina mpangilio wowote unaolingana na anga. Ipakie picha kwenye Astrometry.net, huduma ya bure inayolinganisha nyota za picha na orodha ya nyota halisi. Picha ya kweli ya anga ya mbali kwa kawaida itatajiwa mahali ilipo. Ya kubuni haina mahali.

Hatua ya 10: Toka nje, piga moja yako

Hakuna somo linalokufanya uheshimu picha ya saa 14 kama kupiga ya sekunde 10.

Kati ya Desemba na Machi, jioni, tafuta nyota tatu zilizopangana mstari zinazolingana kwa mwanga: mkanda wa Jabari. Zima taa zote, kaa dakika 20 bila kugusa simu ili macho yazoee giza. Kando ya mkanda kuna nyota tatu fifi zaidi, upanga wake. Ya katikati, ukiitazama kwa pembe ya jicho, ina ukungu.

Sasa toa simu, mwanga wa kioo ukiwa chini kabisa. Iegemeze kwenye stendi, au kwenye tofali kama huna. Weka hali ya kamera unayoiongoza mwenyewe: ISO 1600, sekunde 10, fokasi mbali kabisa, na kipima muda cha sekunde 3 ili mguso wa kidole usiitikise. Wenye kamera kubwa hutumia kanuni ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita, upate sekunde kabla nyota hazijaanza kuvutika. Lenzi ya 25 inakupa sekunde 20, ingawa mimi huwa naishia nusu yake.

Piga fremu 30 bila kugusa chochote. Kisha funika lenzi kwa kitambaa cheusi na upige nyingine 10 za giza tupu. Programu itazitumia kujua madoa ya kudumu ya kamera yako, yale yanayorudi mahali palepale, yanakaa wapi. Ndiyo, utakuwa umesimama usiku unapiga picha ya kitambaa, na akitokea jirani huna maelezo ya kumpa. Siril ni programu ya bure ya kompyuta inayorundika fremu hizo.

Matokeo yatakuwa na kona mbovu, weusi wa kijivu na nyota zenye mikia midogo. Utavijua vyote kwa majina. Nenda kwenye upanga, nyota ya katikati, na ukuze hadi pikseli zianze kuonekana. Kuna alama ndogo isiyo duara kama majirani zake, ina uwaridi kwa mbali, pengine haizidi pikseli 20 kwa upana. Ndiyo ileile uliyokaa nayo dakika kumi kwenye hatua ya 7.